Vyombo vya Murugi

Gatimu alilowesha kidole gumba kwa mate, akakisugua kwenye ukingo wa dhahabu wa sahani, kisha akakiinua machoni kuona kama dhahabu imetoka. Haikutoka. Akairudisha sahani kwenye rafu, mate yake yakiwa bado yanang'aa ukingoni, akachukua nyingine na kulamba kidole tena.

Wachuka alikuwa amesimama kando yake. Aligeuza macho akatazama dirishani. Nje, baridi ya Julai ilikuwa imeushika mji wa Nyeri, watu wakipita wamejikunyata ndani ya makoti, na mlima haukuonekana kabisa. Alijiambia kwamba mwanamume akifika miaka sitini huwa ameshazoea mambo yake, na mke mpya hawezi kuanza kumfundisha adabu mbele ya mwenye duka.

Alikuwa mjane. Alikuwa na ghala lake la mchele Wang'uru, biashara aliyoachiwa na marehemu mumewe ikiwa kibanda, naye akaikuza hadi malori yakawa yanamfuata yeye. Binti yake Anita alikuwa ameolewa, akiishi Nairobi. Nyumba ilikuwa kimya mno jioni, na kimya hicho ndicho Gatimu alichokijaza. Dada yake Wachuka, Wakiuru, aliyekuwa akisali kanisa moja na Gatimu hapo Nyeri, ndiye aliyewakutanisha. Gatimu alikuwa na shamba la kahawa na nyumba za kupangisha, mjane kama yeye, mkewe amezikwa mwaka uliopita. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu. Alikuja Wang'uru kumtembelea, akavua kofia mlangoni mwa ghala, akaliombea. Na kila jioni alimpigia simu kumuuliza kama amekula. Mtu ambaye hajaulizwa swali hilo kwa miaka mingi hujikuta amelingojea.

Sasa Gatimu alikuwa amealika watu kwake Jumapili, chakula cha mchana, wazee wa kanisa na wakubwa wa chama cha kahawa. Hapo ndipo angetangaza tarehe ya harusi. Alitaka meza rasmi, yenye visu na uma kila upande na vitambaa vilivyokunjwa, na alitaka vyombo vya kaure ambavyo mgeni akiviona atanyamaza kwanza.

"Mzee, hii si kaure ya kawaida," alisema Sophie, mwenye duka. "Hii ni ya mifupa. Wanachoma mifupa ya ng'ombe mpaka inakuwa majivu, halafu wanachanganya na udongo mweupe. Ndiyo maana ni nyepesi hivi na haivunjiki ovyo. Hebu muone." Akainua sahani mbele ya taa, na vidole vyake vikaonekana kwa nyuma kama vivuli nyuma ya pazia.

"Mifupa kabisa?" Wachuka aliuliza.

"Mifupa, mama. Lakini imepita motoni. Haina harufu, haina mafuta. Usiogope."

Hakuwa ameogopa. Alizaliwa Kangari, baba yake alikuwa na bucha, na huko mifupa ilikwenda kwenye supu kisha kwa mbwa, basi. Aliona ni jambo zuri kwamba mfupa unaweza kufika mbali hivyo. Alichukua sahani moja nyeupe tupu, yenye mstari mwembamba wa buluu pembeni, akaipima uzito kiganjani. Ilikuwa kama imeshikilia pumzi.

"Mimi nimependa hii," alisema.

"Hiyo ni ya hospitali," alisema Gatimu. "Mgeni akipewa hiyo ataona ni kama analetewa dawa."

Sophie akawaonyesha namna ya kuijua kaure nzima. Aliishika sahani kwa ncha za vidole, akaigonga kidogo kwa ukucha, nayo ikalia sauti nyembamba iliyodumu hewani. Ikiwa na ufa, alisema, hailii, inakohoa tu. Gatimu alifurahi sana. Akagonga moja, akagonga nyingine, kisha akamtupia Wachuka mkono begani.

"Ni kama bibi," alisema. "Unamgonga kidogo ujue kama ni mzima. Akilia vizuri, unaweka. Akilia vibaya, unarudisha kwao."

Alicheka kwa nguvu. Sophie naye alicheka, kicheko cha mtu anayeuza. Wachuka alisikia kicheko chake mwenyewe kikitoka, kifupi, na kinywani kikamwachia ladha kama ya mtu aliyeuma mbegu ya chungwa.

Mwishowe Gatimu alichagua seti yenye mawaridi makubwa na dhahabu nene ukingoni: sahani za chakula, bakuli za supu, sahani pana za kupakulia, jagi la mchuzi, vikombe na visahani vyake. Sophie alipoanza kuzifunga zile zilizokuwa rafuni, Gatimu alimzuia kwa mkono.

"Hapana, hizo sitaki. Niletee zingine kwa boksi. Mimi siwezi kula kwa kitu imeshikwashikwa na kila mtu."

Sophie alitazama zile sahani, akatazama kidole cha Gatimu. Alichukua kitambaa, akaanza kuzipangusa moja moja, na Wachuka alitamani kumsaidia.

Walikula kwenye hoteli iliyo karibu na soko. Gatimu aliomba dua ndefu juu ya nyama, akaila, akafyonza mfupa hadi ukapiga mluzi. Halafu akatoa risiti ya Sophie mfukoni, akaikunja kona, akachokolea meno. Kila alichokitoa alikitazama kwanza, akakirudisha kinywani. Alipomaliza aliikunjua risiti, akailainisha juu ya meza, akairudisha mfukoni.

"Mama Anita, mbona huli?"

"Nimeshiba," alisema Wachuka.

*

Nyumba ya Gatimu ilikuwa nje ya mji, kwenye barabara ya Mweiga, imezungukwa na ua wa miiba. Wachuka alikuwa ameifikia mara moja tu, pamoja na dada yake, na siku hiyo hawakuvuka sebule. Sasa alisaidia kubeba maboksi hadi chumba cha kulia. Kulikuwa na meza ndefu, na ukutani kabati kubwa la vioo lenye kufuli. Lilikuwa tupu. Vumbi lilikuwa limeshika rafu zake, lakini ndani ya vumbi kulikuwa na duara safi, kubwa kwa ndogo, mahali ambapo vyombo vilikuwa vimekaa muda mrefu.

"Humu kulikuwa na nini?" aliuliza.

"Vitu za marehemu," Gatimu alisema. "Nilitoa. Bibi mpya, vyombo mpya."

Mwanamke anayeitwa Kananu, aliyekuwa akifanya kazi ndani ya nyumba hiyo, alileta karai la maji ya moto ili vyombo vipya vioshwe. Alikuwa wa makamo, mtu wa upande wa Chuka, mkimya. Wachuka alikunja mikono ya sweta wakaosha pamoja. Vitambaa vya kukaushia viliposhiba maji, alivichukua kwenda kuvianika kamba ya nyuma.

Harufu ndiyo iliyomfikia kwanza. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la mbwa, lenye wavu, na ndani yake mbwa watatu wakubwa. Walikuwa wakila matumbo. Nzi walikuwa wengi kiasi kwamba sauti yao ilisikika kabla ya mbwa kuanza kubweka. Mmoja alikuwa akisukuma sahani yake kwa ulimi kwenye saruji, na sahani ile ilikuwa ikilia. Ilitoa sauti nyembamba, ileile aliyoisikia dukani asubuhi.

Wachuka alisogea karibu. Hazikuwa bati. Chini ya damu iliyokauka na ukoga wa kijani kulikuwa na maua madogo ya zambarau, mepesi, kama yaliyochorwa kwa unywele mmoja. Kulikuwa na sahani kadhaa, nyingine zimevunjika vipande na vipande vimesukumwa kwenye kinyesi pembeni. Kulikuwa na jagi la mchuzi lililojaa maji ya mvua na manyoya. Ndani ya kikombe kimoja, kwenye mabaki yaliyooza, mabuu meupe yalikuwa yakipandana.

Aliokota kijiti, akakipitisha kwenye wavu, akaivuta sahani moja iliyokuwa imefunikwa kifudifudi. Chini yake, kando ya mhuri wa kiwanda, mtu alikuwa ameandika herufi M kwa rangi nyekundu ya kucha.

Kila mama wa milimani anaijua alama kama hiyo. Unaiweka chini ya sufuria na sahani zako ili ukiziazimisha kwa harusi au matanga zijulikane, zirudi nyumbani. Marehemu aliitwa Murugi. Wachuka aliona mkono wa mwanamke aliyekaa kitako, chupa ndogo ya rangi kando yake, akiweka herufi yake chini ya kila chombo, akipuliza ikauke.

Aligeuka akafika kwenye ua, akatapika. Hakuwa amekula kitu, kwa hiyo yalikuwa maji machungu tu, lakini yalimtoka hadi machozi. Alipoinuka Kananu alikuwa nyuma yake na kikombe cha maji.

Gatimu alitokea mlango wa jikoni, mikono mifukoni.

"Ni harufu? Nilimwambia Kananu aoshe hapa."

"Hizi ni vyombo za Mama Griffins," alisema Wachuka. Griffins alikuwa mwana wa Gatimu, aliyehamia ng'ambo.

"Zilikuwa zake, ndiyo."

"Na umepatia mbwa."

"Sasa ningepatia nani?" Gatimu alionekana kushangaa kweli. "Mtu alikuwa mgonjwa. Ule ugonjwa wa kutetemeka. Mate inatoka, chakula inamwagika hapa kwa kifua, mtu hawezi kuangalia. Mimi nilikuwa nakula chumba ingine. Nani angetaka kula kwa sahani ya mtu kama huyo? Ata wewe ungesikia vibaya."

"Alikuwa anakulia hizi?"

"Hapana! Nilifunga kabati. Mikono inaruka hivi, angevunja kikombe moja, na seti ikipoteza kimoja si seti tena. Nilimfungia."

"Kama hakuzikulia, basi zina ubaya gani?"

Gatimu alikunja pua, kama mtu aliyeletewa maziwa yaliyoganda.

"Alizishika," alisema.

Kisha alimkumbusha kwamba kesho chakula ni baada ya ibada, na kwamba angependa avae ile nguo ya kijani. Akaingia ndani akapiga mluzi wa wimbo wa kanisa.

*

Wachuka alilala kwa dada yake, upande wa Ruring'u. Walipokuwa wakimenya viazi vya jioni alimweleza Wakiuru yote, kuanzia kidole dukani hadi mabuu kwenye kikombe. Wakiuru alisikiliza, akamenya kiazi kizima kabla ya kujibu.

"Ni chafu," alikubali. "Sikatai. Lakini Wachuka, ni sahani. Utaacha mwanamume wa maana kwa sababu ya sahani?"

"Si sahani."

"Ni nini basi?"

Wachuka alijaribu kulitafuta neno akalikosa. Alichokuwa nacho hakikuwa wazo. Kilikuwa kitu kilichokaa chini ya koo, kama pande la mafuta baridi, na kila alipokumbuka ile pua iliyokunjwa kilipanda.

"Wanaume wote wako na kitu," aliendelea Wakiuru. "Huyu wangu ananuka miguu mpaka paka anatoka. Nimekaa naye. Watu wameshaalikwa, mchungaji ameambiwa. Enda, kula, halafu mtaongea pole pole. Utanitia aibu hapa kanisani, na mimi ndiye nilikuombea."

Kwa ajili ya dada yake alikwenda. Alivaa nguo ya kijani.

Meza ilikuwa imepangwa vizuri, hilo hakuna wa kulikataa. Kitambaa cheupe kilining'inia hadi chini, mawaridi na dhahabu viling'aa kila mahali, na mchele wa Wang'uru, aliouleta Wachuka mwenyewe, ulikuwa ukinukia kutoka jikoni. Wageni walikaa wakinong'ona. Mzee mmoja wa chama cha kahawa aligeuza sahani yake kusoma yaliyoandikwa chini, akampitishia jirani. Mchungaji aliuliza kama ni kweli imetengenezwa kwa mifupa, na Gatimu akaeleza habari ya majivu na udongo kana kwamba yeye ndiye aliyewasha tanuri. Wakiuru na mumewe walikuwa mwisho wa meza, Wakiuru akitabasamu kwa kila mtu.

Gatimu alitaka kumhudumia mchumba wake kwa mkono wake mwenyewe ili watu waone. Alimletea bakuli la supu. Kidole gumba kilikuwa ndani ya supu hadi kwenye kiungo. Aliliweka mbele yake, akakitoa, akakilamba.

"Kunywa, mpenzi, ikiwa moto."

Watu walicheka kwa upole. Wachuka aliitazama supu. Mafuta yalikuwa yamefanya duara ndogo ndogo juu yake, na moja ilikuwa pana kuliko nyingine, pale kidole kilipotoka. Aliinua kijiko, akakishusha.

Zikaja nyama, viazi, mboga, mchele. Wageni walisahau visu na uma upesi. Mtu alipangusa midomo kwa kitambaa cha meza. Mwingine alitema gegedu kwenye kisahani cha mkate, akalifunika na kikombe. Yote haya Wachuka alikuwa ameyaona kwenye sherehe maisha yake yote bila kuyajali, lakini siku hiyo jicho lake lilikuwa limeharibika, au lilikuwa limepona, na halikuweza kuruka kitu.

Gatimu alisimama. Ili watu wanyamaze, aligonga kikombe kwa kijiko. Kikalia sauti yake nyembamba.

"Wazee, mchungaji, marafiki," alianza. "Mungu alinichukulia, na Mungu amenirudishia. Nimepata mwingine, mzima, wa nguvu..."

"Baba Griffins," alisema Wachuka. Alikuwa amesimama bila kujua amesimama lini. Sahani yake, aliyoinuka nayo mkononi, aliitua mezani kwa kishindo kuliko alivyokusudia. "Usitangaze. Mimi sitaolewa hapa."

Wakiuru alifumba macho.

"Mama Anita, kaa chini," Gatimu alisema, bado akitabasamu.

"Sitakaa. Mchungaji, nyuma ya nyumba hii kuna banda la mbwa. Mbwa wanakula matumbo kwa vyombo vya Murugi. Vyombo alivyojiwekea, vyenye herufi yake. Alipokuwa mgonjwa alifungiwa kabati asivishike, na sasa mbwa wanavilamba. Mtu yeyote anaweza kuinuka akaone. Ni hapo tu."

Hakuna aliyeinuka. Mchungaji akajikohoza.

"Mama, hayo ni mambo ya ndani ya nyumba," alisema. "Yana mahali pake pa kuongelewa."

Mkononi alikuwa na mguu wa kuku. Alisubiri kidogo kuona kama kuna atakayemjibu, halafu akauma. Yule mzee wa chama cha kahawa akamwomba jirani yake, kwa sauti ndogo, amsogezee mchuzi.

Wachuka alimtazama Gatimu. Gatimu hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa amekuja upande wake wa meza, ameichukua ile sahani aliyoitua kwa nguvu, ameiinamisha hata viazi na nyama vikateremka kwenye kitambaa cheupe, na sasa alikuwa ameishika mbele ya dirisha, akiigeuza polepole kwenye mwanga, akitafuta ufa.

Hapo lile pande lililokaa kooni lilishuka lenyewe. Alichukua mkoba wake akatoka.

*

Alikuwa ameshawasha gari Kananu alipotokea kwa mlango wa nyuma akikimbia. Mgongoni alikuwa na begi la nguo, na mikononi gunia la plastiki lililokuwa likigongana ndani. Mbwa walikuwa wakibweka nyuma yake.

"Mama, unapitia Kutus?"

"Ingia."

Gunia lilikuwa limejaa vyombo, na Kananu hakuwa amepata nafasi ya kuviosha. Walifungua madirisha yote. Baridi iliingia ikawapiga usoni, lakini uvundo ulibaki nao Nyeri yote, ukabaki nao Karatina, hata Wachuka akasimamisha gari kando ya barabara wakashuka wote wawili kuvuta hewa.

Hapo, akiwa ameegemea mlango wa gari, Kananu alizungumza. Murugi alikuwa binti wa shangazi yake. Kananu aliletwa kutoka nyumbani kumuuguza, na baada ya mazishi akabaki kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke.

"Alivinunua kimoja kimoja, na pesa ya maziwa," alisema. "Hakuwa anavitumia. Alikuwa anasema ni vya siku kubwa. Alipougua, mzee akaficha ufunguo. Unajua alikuwa anakunywa chai na nini? Ile kikombe ya bafu. Ya kujimwagia maji. Mzee alisema hiyo ndiyo haivunjiki."

Kananu aliitazama barabara, akaendelea.

"Siku moja mzee alikuwa ameenda mkutano wa kahawa. Murugi akaniambia, Kananu, mimi nataka kunywa chai na kikombe changu, mara moja tu. Nilitoa misumari ya nyuma ya kabati. Nikamshikilia mkono, na mkono wangu mwingine nikashika kikombe kwa chini. Tukakunywa hivyo. Ilimwagika kidogo, lakini alimaliza. Hakikuvunjika. Aliniambia ni tamu, na mimi nilikuwa nimesahau kuweka sukari."

Gari kubwa la mizigo lilipita likawatikisa.

"Nilikiosha, lakini mzee alijua. Alikuta kimegeuzwa mkono upande mwingine. Akauliza nani ameshika, Murugi akasema ni mimi, nimeshika. Baada ya kumzika, wiki hiyo hiyo, akafungua kabati akabeba vyote nje. Mimi ndiye niliambiwa niwe nawekea mbwa chakula ndani yake. Kila siku, mama. Nimefanya hiyo kazi kila siku." Aliitazama mikono yake kama mtu aliyeambiwa ni ya mwingine. "Nilikuwa nasema nikitoka nitaenda wapi."

Walifika Wang'uru jioni. Asubuhi yake walivimwaga vyombo kwenye karai uani, wakavisugua kwa majivu na maji ya moto hadi vidole vikachubuka. Vingi havikufaa tena, vilikuwa vimemeguka. Vilivyobaki vilitakata isipokuwa ndani ya mistari midogo ya nyufa, ambako damu ilikuwa imeingia ikakataa kutoka. Wachuka hakuweza kuvileta karibu na mdomo hata kwa mawazo. Kananu alivifunga kwenye nguo zake, akapanda gari la Chuka kuvipeleka kwa mama yake Murugi, aliyekuwa bado hai. Wachuka hakujua mama huyo alivipokea vipi, na hakuuliza. Kananu aliporudi baada ya wiki moja kuomba kazi, alipewa kusimamia upande wa kupepeta mchele, na habari hiyo hawakuirudia.

Wakiuru hakumpigia simu kwa miezi. Kanisani kwao, Wachuka alisikia kwa wengine, ilisemwa kwamba mwanamke wa Wang'uru ana kiburi cha pesa, kwamba alivunja meza ya mtu mbele ya mchungaji. Wengine walisema sahani ilivunjika, wengine walisema ni seti nzima.

Wakiuru alikuja Desemba, wakati wa mavuno, eti kutafuta mchele wa Krismasi. Walikaa kwenye magunia, wakanywa chai. Wakiuru alizungukazunguka maneno, mwishowe akasema kwamba Gatimu anaoa mwezi ujao. Mwanamke wa Kerugoya, mwalimu, mdogo kuliko wao.

"Utaenda?" Wachuka aliuliza.

"Nimealikwa."

"Nipe namba ya huyo mwalimu."

"Wachuka, wachana na watu."

"Nipe."

Walibishana hadi chai ikapoa. Lakini walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni Kangari, na Wakiuru alijua ni lini dada yake hatasogea. Alitoa simu, akamsomea namba bila kumtazama.

Kesho yake, akiwa amesimama mlangoni mwa ghala, Wachuka alipiga. Alijitambulisha. Alieleza polepole, bila kutukana: ugonjwa wa kutetemeka, kabati, kikombe cha bafu, mbwa, herufi nyekundu. Mwanamke wa upande wa pili alisikiliza yote. Hakumkatiza hata mara moja, na Wachuka akadhani anamsikia akipumua kama mtu anayewaza.

"Asante, mama, kwa kunipigia," alisema mwishowe, kwa sauti ya heshima, ya kidarasani. "Lakini mimi mikono yangu haitetemeki."

Simu ikakatwa.

Wachuka alibaki ameishika. Ndani, mashine ilikuwa ikinguruma, na Kananu alikuwa akimwita aje aone lori limefika. Mate yalikuwa yamemjaa kinywani, mepesi na machungu, yale yanayotangulia kutapika. Alitoka hadi ukingo wa mtaro, akatema, akasubiri, akatema tena.